Asilimia 99 ya nini? Vipimo vya vinasaba vya mimba, tukiwa Kigoma

Siku hizi wajawazito wananitafuta sana kuniuliza habari za "kile kipimo cha damu cha Dar", kinachosifiwa kwamba kinamwona mtoto tumboni kwa asilimia 99. Wananiuliza mimi kwa sababu nafundisha baiolojia sekondari hapa Kigoma, na mji wetu bado ni wa kujuana. Ukiwafundisha watu vinasaba wakiwa kidato cha nne, baada ya miaka michache unakutana nao sokoni Mwanga wakiwa na matumbo yao, na swali wanalo tayari. Mimi si daktari. Ninayoyajua nimeyasoma, mengine nimewauliza madaktari, na mengine yametupata ndani ya ukoo, kwa mtoto wa kaka yangu. Naandika ili anayetaka kutoa fedha yake ajue ananunua nini.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Vipimo vya vinasaba vya mtoto aliye tumboni ni vya makundi mawili, na kazi zake hazifanani hata kidogo. Kundi la kwanza linakadiria: linakwambia kama uwezekano wa mtoto kuwa na tatizo fulani ni mkubwa au mdogo. Kundi la pili linathibitisha: zinachukuliwa chembe zilizotokana na mimba yenyewe, zinachunguzwa, jibu linatoka. Kundi la kwanza halina hatari kwa mimba, maana ni damu ya mama na ultrasaundi. La pili linahitaji sindano iingie mpaka kwenye mfuko wa uzazi, na hapo ndipo penye hatari ya mimba kutoka. Mtu asiyeyatenganisha makundi haya atasoma karatasi ya majibu vibaya, hata awe msomi wa namna gani.

Njia ya zamani kabisa ya kukadiria ni umri wa mama. Mwanamke wa miaka 25 ana uwezekano wa kama 1 kati ya 1,250 wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na mwili kukua. Akifika miaka 35 ni kama 1 kati ya 350, miaka 40 ni 1 kati ya 100, na miaka 45 ni 1 kati ya 30 hivi. Sindromu hii hutokea mtoto anapokuwa na kromosomu (vifurushi vya vinasaba ndani ya chembe) tatu za namba 21 badala ya mbili, kama ilivyobainishwa Ufaransa mwaka 1959. Mara nyingi kosa hilo hutokea yai la mama linapojigawa, kabla hata mimba haijatungwa. Hakuna alichokula mama wala alichokosea. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona kina mama hapa hapa Ujiji wakisukumiwa lawama na mawifi na wakwe, mpaka mwingine akarudi kwao.

Baadaye yakaja makadirio ya ultrasaundi na damu kwa pamoja. Kati ya wiki ya 11 na mwisho wa wiki ya 13, mtaalamu anapima unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, na maabara inapima viwango vya vitu viwili kwenye damu ya mama. Vyote vinaunganishwa na umri. Kikifanywa vizuri, kipimo hiki hugundua watoto 85 hadi 90 kati ya kila 100 wenye sindromu ya Down. Ila katika kila akina mama 100 ambao watoto wao hawana tatizo, 5 nao wataambiwa wana hatari kubwa. Kuna kingine cha damu peke yake, kati ya wiki ya 15 na 20, ambacho hugundua kama 80 kati ya 100 kwa idadi ile ile ya wanaotishwa bure.

Kwa mkoa wetu tatizo la kwanza la vipimo hivi ni kalenda. Wangapi wanaanza kliniki kabla ya wiki ya 13? Wengi wanasubiri mimba "ikae" kwanza, wanakwenda mimba ikiwa katika mwezi wa tano, na hapo dirisha la kupima shingo limeshafungwa. Halafu kuna tarehe yenyewe. Sista anakuuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wewe unajibu "ilikuwa kama karibu na Idi". Kwenye kadi inaandikwa tarehe. Viwango vya damu vinapanda na kushuka wiki hadi wiki, kwa hiyo ukikosea wiki mbili tu, hesabu nzima imepinda, na mtoto mzima anaweza kuonekana ana hatari. Ndiyo maana ultrasaundi ya mapema, ile ya kupata umri wa mimba, ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito afanyiwe angalau moja kabla ya wiki ya 24. Kwa kazi hii ninayoizungumzia, iwe mapema zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye hicho cha asilimia 99.

Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba ndani ya damu ya mjamzito vinaelea vipande vya vinasaba vilivyotoka kwenye mimba. Mwaka 2011 vipimo vinavyotumia ugunduzi huo vikaanza kuuzwa. Mama anatolewa damu mkononi kuanzia wiki ya 10, basi. Maabara haimtenganishi mtoto na mama, inahesabu. Fikiria mashua mbili zimemwaga dagaa kwenye turubai moja pale Kibirizi, ndoo tisa za mashua moja na ndoo moja ya nyingine. Huwezi kuwarudisha kila dagaa kwenye mashua yake. Lakini ukihesabu kwa maelfu na kukuta aina fulani ya samaki imezidi kidogo kuliko kawaida, unajua mojawapo ya mashua ilikuwa na aina hiyo kwa wingi. Mtoto mwenye kromosomu tatu za 21 huongeza vipande vya 21 kidogo tu kwenye damu ya mama, na mashine inakiona hicho kidogo.

Uwezo wake ni wa kweli na sitaki kuupunguza. Kwa sindromu ya Down hugundua zaidi ya 99 kati ya 100. Kwa tatizo la kromosomu ya 18 na la 13, ambayo ni mazito zaidi na watoto wengi hawavuki mwaka, hugundua kwa kiwango cha chini yake kidogo. Na wanaotishwa bure ni wachache mno, kama 1 kati ya 1,000 au pungufu, ukilinganisha na wale 5 kati ya 100 wa kipimo cha zamani. Ni hatua kubwa.

Lakini asilimia 99 ya nini? Hesabu hii naifanya ubaoni na kidato cha nne, na kila mwaka darasa linakuwa kimya ikifika mwisho. Chukua wanawake 100,000 wa miaka 25. Kwa uwezekano wa 1 kati ya 1,250, watoto 80 wana sindromu ya Down. Kipimo kinawagundua 79. Waliobaki ni 99,920, na kipimo kinakosea kwa 1 kati ya 1,000, kwa hiyo wanawake 100 wasio na tatizo wanapewa karatasi inayosema hatari kubwa. Jumla ya karatasi za hatari kubwa ni 179, na za kweli ni 79. Binti wa miaka 25 aliyeshika karatasi hiyo ana uwezekano chini ya nusu kwamba mtoto wake ana tatizo kweli. Sasa rudia kwa wanawake wa miaka 40. Wenye tatizo ni 1,000, wanagunduliwa 990, wanaotishwa bure ni 99. Hapo karatasi kumi, tisa ni za kweli. Kipimo ni kile kile, maabara ile ile, na kipeperushi kimeandika 99 kwa wote wawili.

Upande wa pili wa hesabu ndio mtulivu. Ukipewa "hatari ndogo", kwa tatizo hilo unaweza kulala usingizi. Aliyekosewa ni 1 tu katika wale karibu 100,000. Kwa hiyo kipimo hiki ni kizuri sana cha kuondoa shaka, na si cha kuhukumia.

Kuna sababu nyingine ya majibu kukosea, nayo ni ya kimaumbile. Vile vipande havitoki kwa mtoto mwenyewe. Vinatoka kwenye kondo la nyuma. Mara nyingi kondo na mtoto ni kitu kimoja kwa kromosomu, ila si mara zote. Kondo linaweza kuwa na chembe zenye hitilafu na mtoto akawa hana. Mimba ya mapacha ambayo pacha mmoja alikufa mapema nayo inachanganya majibu. Mama mwenye uzito mkubwa sana huwa na vipande vichache vya mimba kwenye damu, na vikishuka chini ya asilimia 4 hivi maabara nyingi zinarudisha jibu la "haikuwezekana". Na kwa huku kwetu liko moja ambalo lazima lisemwe: mama aliyeongezewa damu hivi karibuni. Malaria ya mimba na upungufu wa damu vinawafikisha wengi wodini wakatundikiwa chupa ya damu. Ukiwa umeongezewa, mweleze anayekutoa sampuli, maana ndani yako kuna vinasaba vya mtu wa tatu.

Nchi zilizotutangulia zimeshaumia. Kampuni zilipoona kipimo kinauzika, zikaongeza orodha ya magonjwa adimu, yale ya kupotea kwa kipande kidogo cha kromosomu. Mwaka 2022 gazeti la The New York Times lilichunguza na kukuta kwamba kwa baadhi ya magonjwa hayo, majibu yanayosema tatizo lipo yalikuwa na makosa kwa kama asilimia 85. Ni hesabu ile ile ya ubaoni: ugonjwa ukiwa adimu mno, wanaotishwa bure wanawazidi kwa mbali wenye ugonjwa. Aprili mwaka huo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatoa onyo kwamba majibu ya vipimo hivi peke yake yasitumiwe kuamua hatima ya mimba. Ukiuziwa "kifurushi kikubwa" chenye magonjwa kadha wa kadha, ushauri wangu ni kukiacha. Chukua kromosomu tatu zile kubwa, 21, 18 na 13, uishie hapo.

Anayepata hatari kubwa anapaswa kwenda kundi la pili, la sindano. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kipande kidogo sana cha kondo, kati ya wiki ya 11 na 14. Faida yake ni kuwahi. Udhaifu wake ni ule ule wa kondo: katika kama 1 au 2 kati ya 100, chembe zinachanganyika na jibu halieleweki, inabidi kurudia kwa njia ya pili. Ikifanywa mapema mno, kabla ya wiki ya 10, imehusishwa na ulemavu wa viungo, ndiyo maana siku hizi haifanywi.

Njia ya pili ni ya maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15. Wengi wanaiogopa kwa kuisikia, basi niieleze kama nilivyoelezwa na dokta anayeifanya. Mama analala chali, tumbo linasafishwa, ultrasaundi inawekwa ili sindano ionekane njia nzima. Sindano ni ndefu na nyembamba. Inapita ukuta wa tumbo, inaingia mfuko wa uzazi, inafika kwenye maji mbali na mtoto, yanavutwa mililita 15 hadi 20, rangi yake kama mkojo mwepesi. Ni dakika chache. Ndani ya maji hayo mna chembe za ngozi na za njia ya mkojo za mtoto mwenyewe. Zinakuzwa maabara, kromosomu zinahesabiwa, jibu kamili linakuja baada ya wiki mbili hivi, na kuna njia ya haraka inayotoa jibu la awali kwa siku chache. Usahihi wake kwa kromosomu ni zaidi ya asilimia 99, na hii ndiyo 99 unayoweza kuiegemea, kwa sababu haitegemei umri wako wala makadirio.

Na hatari? Vitabu vya zamani viliandika mimba 1 kati ya 200 au hata 1 kati ya 100 itatoka kwa sababu ya sindano. Uchambuzi wa miaka ya karibuni, uliolinganisha wanawake waliochomwa na wasiochomwa wenye hali zinazofanana, umeshusha namba hiyo mpaka kati ya 1 na 3 kwa kila 1,000, na njia ya kondo haipishani sana na ya maji. Namba hizo ni za mikono iliyozoea, vituo vinavyofanya kazi hiyo mara kwa mara. Muulize daktari kwa heshima: "Dokta, kazi hii unaifanya mara ngapi kwa mwezi?" Hakuna utovu wa adabu hapo. Mama mwenye kundi la damu la hasi anahitaji sindano ya kinga baada ya hapo, ili mwili wake usije ukaishambulia damu ya mtoto. Mama anayeishi na VVU anapaswa kuwa anatumia dawa na virusi vimefubaa kwanza, vinginevyo sindano inaweza kumbebea mtoto maambukizi. Mwenye homa ya ini B naye aseme mapema.

Sindano ya maji ya uzazi kabla ya wiki ya 15 ikataliwe. Majaribio yalionyesha mimba nyingi zaidi zilitoka na watoto wengi zaidi walizaliwa na nyayo zilizopinda.

Hayo yote niliyajua tayari wifi yangu alipobeba mimba yake ya tatu akiwa na miaka 39. Alikuwa Dar kwa dada yake, wakampeleka maabara binafsi, damu ikasafirishwa nje ya nchi, wakalipa zaidi ya milioni moja. Kaka akanipigia simu kwa furaha: "Mdogo wangu, majibu yametoka. Vinasaba vya mtoto viko safi." Karatasi niliiona baadaye. Ilikuwa na mistari mitatu, 21, 18, 13, na kila mmoja umeandikwa hatari ndogo, chini ya 1 kati ya 10,000. Kwa mistari hiyo mitatu ilisema kweli tupu. Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, kilo tatu na ushee.

Alipofika miezi saba vidole vya mikono vikavimba, kisha vya miguu. Analia ukimgusa. Wakasema meno, wakasema malaria, akatibiwa malaria. Mama yetu akawa anamchua taratibu kwa mawese ya vuguvugu kama alivyotuchua sisi. Uvimbe ulipungua, ukarudi, macho yakaanza njano. Nikasema apimwe sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wifi akanitazama akasema, "Wifi, si tulishapima vinasaba?"

Mtoto alikuwa SS, yaani amerithi kosa la sikoseli kwa wazazi wote wawili na ni mgonjwa. Kaka ni AS, wifi ni AS, yaani wabebaji wasioumwa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupimwa, si kabla ya ndoa, si kwenye mimba tatu. Kwenye kadi za kliniki kulikuwa na wingi wa damu, kundi, kaswende, VVU, mkojo. Sikoseli hakuna aliyeandika. Na kile kipimo cha milioni hakikuitafuta, kwa sababu kinahesabu kromosomu nzima nzima. Sikoseli ni kosa la herufi moja tu ndani ya jeni moja. Ukihesabu kromosomu za mtoto wa SS utazikuta 46, zimetimia, zimepangika.

Hapa ndipo ninapotaka kila mzazi wa Kigoma na Tabora anisikilize. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na sikoseli, maelfu kila mwaka. Utafiti wa damu za watoto wachanga wa kanda hii ya kaskazini-magharibi ulikuta mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ni mgonjwa. Si ajabu, vinasaba hivi vinamkinga mbebaji dhidi ya malaria kali, na sisi tumeishi na malaria tangu enzi. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS, nusu AS, robo AA, yaani asiye nayo kabisa. Linganisha: kwa wifi wangu mwenye miaka 39, sindromu ya Down ilikuwa kama 1 kati ya 140, nayo ikatafutwa kwa milioni. Sikoseli ilikuwa 1 kati ya 4, na kuijua kulihitaji tone la damu la baba na la mama.

Lakini hata hapo, aina ya kipimo ni muhimu. Kile cha zamani cha tone la damu kwenye kioo kinakwambia tu kwamba himoglobini (ile protini nyekundu ya damu) ya sikoseli ipo. Hakitenganishi AS na SS. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza hata kusema hakuna kitu, kwa sababu bado amejaa himoglobini ya tumboni, na ndiyo hiyo hiyo inayomkinga asiumwe miezi ya mwanzo. Unachotaka ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, au vile vipya vya haraka vya kijiti vinavyosoma A na S kila moja mahali pake. Kwa mtu aliyeongezewa damu, subiri kama miezi mitatu, la sivyo utakuwa umempima aliyechangia.

Je, sikoseli inaweza kupimwa mtoto akiwa tumboni? Inaweza, tena ni miongoni mwa magonjwa ya kwanza kabisa kupimwa hivyo: mwaka 1978 Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wa San Francisco waliipima kwa kuchunguza vinasaba vya chembe za maji ya uzazi. Inataka sindano, na inataka uiombe kwa jina. Sindano ya kuhesabu kromosomu haitafuti sikoseli mpaka maabara iambiwe itafute, na kabla ya hapo wazazi wawe wamepimwa.

Mimi nina msimamo wangu kwenye hili na nausema wazi. Sheria ya nchi yetu inaruhusu mimba kutolewa pale tu maisha ya mama yakiwa hatarini. Tatizo la vinasaba la mtoto halimo. Kwa wazazi ambao watamlea mtoto vyovyote atakavyokuja, sindano ya kutafuta sikoseli tumboni inabeba hatari, ndogo lakini ipo, kwa jibu ambalo unaweza kulipata bila hatari yoyote kwa kumchoma mtoto kisigino wiki anayozaliwa. Matibabu hayaanzi tumboni. Yanaanza kwenye miezi miwili au mitatu ya kwanza: penisilini kila siku mpaka miaka mitano, chanjo zote bila kuruka, kinga ya malaria, na baadaye dawa ya haidroksiyurea. Ugonjwa huu unaua zaidi kwa kuchelewa kujulikana. Pale Muhimbili, programu ya sikoseli iliyoanza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani imefuatilia maelfu ya wagonjwa, na watoto waliojulikana mapema wanakua, wanasoma, wanazaa.

Sindromu ya Down ni tofauti kidogo. Karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na tatizo la moyo. Kujua mapema kunaweza kubadilisha mahali pa kujifungulia na kukupa muda wa kupanga safari ya taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini hata hapo, ultrasaundi nzuri ya wiki ya 18 hadi 22, inayoangalia vyumba vinne vya moyo, mgongo, figo na tumbo, itakupa sehemu kubwa ya unachohitaji kujiandaa. Usonji, ambao wengi wananiuliza, hauonekani kwa kipimo chochote kati ya hivi. Anayekuuzia hivyo anakudanganya.

Binti wa kaka sasa ana miaka mitatu, anakunywa dawa zake, anajua hata jina la sista wa kliniki yake. Kaka zake wawili tuliwapima: mmoja AA, mwingine AS. Na wifi ana mimba tena, ya wiki kumi na moja, akiwa na miaka 42. Tulikaa sebuleni na karatasi, kaka, wifi na mimi, tukaandika namba mbili: sindromu ya Down, kama 1 kati ya 65; sikoseli, 1 kati ya 4. Nikawaeleza kwamba sindano moja ya maji ya uzazi inaweza kujibu yote mawili wakitaka, na kwamba kwa umri wake kile kipimo cha damu kikisema hatari kubwa, kwa Down, uwezekano mkubwa ni kweli. Kaka aliitaka sindano. Wifi akasema mtoto wake hachomwi, na kwamba milioni ile ni dawa za binti yake kwa muda mrefu. Walizungumza wenyewe siku mbili. Wamekubaliana ultrasaundi ya wiki ya 20 kwa mtaalamu, kujifungulia hospitali ya mkoa, na mtoto kuchukuliwa damu ya sikoseli kabla hajatoka wodini, kwa kipimo kinachotenganisha himoglobini. Dokta amekwisha kuliandika kwenye faili, na wifi amemwomba sista aliandike pia kwenye kadi, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu.